Tlalane Hakuota Mtu

Tulikuwa wanagenzi watano kwa mganga 'Mathakane mwaka ule Tlalane alipoletwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtendea wema. Nasema hivyo mapema ili mtu asinidhanie vingine. Mimi, Khopotso, nilikuwa mmoja wa hao watano.

Kaka yake, Mokhele, ndiye aliyemleta juu ya farasi, maana hakuwa na nguvu za kutembea. Tlalane alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne. Kabla ya hapo alishona suruali katika kiwanda kimoja cha Maseru, na bintiye wa miaka sita, Reitumetse, alilelewa na bibi yake huku kwetu milimani. Kipupwe kimoja theluji ikafunga barabara siku kumi na moja. Mtoto akashikwa na kifua, akafa. Tlalane alipofika alikuta kaburi limeshafukiwa na watu wameshatawanyika.

Tangu hapo akawa anaanguka. Yuko anakata mboga, mara yuko chini, macho wazi. Zahanati hawakuona ugonjwa. Wazee wa ukoo wakasema ni mizimu inamtaka awe mganga, kama ilivyonitaka mimi kwa maumivu ya mgongo, na mwito wa namna hiyo haukataliwi.

Kwa 'Mathakane siku ilianza kwa ndoto. Kabla ya uji, kabla hata ya kunawa uso, tulipiga magoti kwa mstari mbele ya mlango wake, kila mmoja akaeleza waliotangulia wamemwonyesha nini. Yeye alisikiliza huku akinusa ugoro, halafu akafasiri: mzizi fulani ukachimbwe, mgonjwa fulani yuko njiani. Kwetu mganga husomeshwa usingizini. Mwalimu wa mchana kazi yake ni kusahihisha tu.

Asubuhi ya kwanza Tlalane alisema hakuona mtu. Ya pili vilevile. Wiki ya pili 'Mathakane akamuuliza kama hulala fofofo kama gogo. Tlalane akajibu kwamba hapana, tangu utotoni akilala hujua kuwa amelala, na zamani alifanya humo alivyotaka, hata kuruka juu ya bonde zima na kurudi.

"Na sasa unafanya nini humo?"

"Namwita mwanangu, Mama."

"Anakuja?"

"Haji mtu. Nikishamwita tu, kila kitu kinaondoka. Panabaki patupu."

'Mathakane aliweka kopo la ugoro chini, akasema taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani: "Mtoto alikuita wewe ukiwa mjini unashona suruali za watu. Ukanyamaza. Sasa ni zamu yake kunyamaza."

Nakumbuka tulicheka. Si wote, wanne.

Baada ya hapo hapakuwa na asubuhi iliyopita bila kumchokoza. Dukani kulikuwa na runinga mbovu, basi tukawa tunaulizana mbele yake, "Jamani, runinga ya Tlalane leo imeshika stesheni, au bado chenga?" 'Mathakane hakutukataza. Yeye alikuwa na adhabu zake. Asiye na ndoto hakula mpaka kesho yake. Akikosa siku tatu mfululizo, alipiga magoti uani bila blanketi mpaka jua lipande juu ya mlima. Mwezi wa Julai ardhi yetu huwa nyeupe kwa sakitu. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vya Tlalane vikawa vyeusi, na nesi wa zahanati akavikata.

Siku moja tulikuwa malishoni tukiokota mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia moto, mimi na yeye tu, nikamuuliza pakoje huko. Nilitaka habari ya kuwapelekea wenzangu.

"Si giza," aliniambia. "Giza ungelipapasa. Huko hata mikono ya kupapasia huna. Hakuna chini. Najua jina langu, najua nimelalia ubavu upi, najua nyinyi mmelala pembeni yangu. Akili yote ninayo, na sina pa kuiweka."

"Si uamke tu?"

"Naamka nikiamshwa. Mwenyewe sijui kutoka."

Nikamwambia asiwe mjinga. Nilimweleza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitamka katika boma lile: kwamba mimi mwenyewe kwa mwezi niliota mara mbili au tatu, na ndoto nyingine zote nilizitunga huku nikipekecha dawa ya povu tunayokunywa ili tuote. Na wenzangu wakifanya hivyohivyo, nilijua, maana nyoka wa ndoto ya mmoja alikuwa bado hajakauka ulimi wake kabla mwingine hajamwazima.

Akaniuliza, "Kwa hiyo nyinyi mnakula kwa uongo?"

"Tunakula," nikamwambia.

Kesho yake akajaribu. Akasema amemwona Reitumetse kando ya chemchemi, amevaa gauni la njano, anampungia mkono. Alisema vibaya, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwenzake, lakini 'Mathakane aliruka akapiga ngoma. Akachinja kuku. Halafu akamshika Tlalane mkono, akamshusha chemchemini na sisi nyuma yake, akamwambia mtoto amefungua mlango, amwite sasa, kwa sauti, asiache mpaka ajibiwe.

Alimwita tangu asubuhi. Wanawake waliokuja kuteka maji walisimama wakasikiliza, wengine wakaondoka upesi. Wachungaji upande wa pili wa bonde wakawa wanaitikia jina lile kwa mzaha, "Reitumetse! Reitumetse!" nao mlima unalirudisha. Kufika alasiri sauti ilikuwa imekauka, midomo ndiyo inayocheza. 'Mathakane alikaa juu ya jiwe akinusa ugoro wake. Sijui kama aliamini au alishajua kuwa ni uongo. Mpaka leo sijui.

Tlalane hakudanganya tena.

Siku yake ya kufuzu ilikuja masika yaliyofuata. Mokhele alileta ng'ombe na ndugu zao thelathini hivi. Sheria ni kwamba kitu kinafichwa, na mwanagenzi aonyeshwe usingizini kilipo, kisha asimame mbele ya watu akitaje. Mimi nilijua kilipo. Ilikuwa sindano ndani ya pembe ya swala iliyotundikwa juu ya mlango. Wenzangu wote walikuwa wamenong'onezwa zamu zao zilipofika; hivyo ndivyo wanagenzi walivyosaidiana. Asubuhi ile Tlalane alinipita karibu mara tatu huku nikifagia uwanja. Sikufungua mdomo. Nilijiambia kwamba anajifanya msafi kuliko sisi, basi usafi wake umsaidie.

'Mathakane akamuuliza mbele ya watu ameonyeshwa nini.

"Sikuonyeshwa kitu, Mama. Huko hakuna mtu."

'Mathakane hakumpigia kelele. Aliomba mkasi. Akazikata nywele zake pamoja na shanga, zikaanguka vumbini, kisha akawaambia ndugu kwamba huyu hakuitwa na yeyote, aliye hai wala aliyekufa. Mokhele alipanda farasi wake akaondoka na ng'ombe wake bila kumtazama dada yake. Tlalane akarudi kwao kwa miguu, akichechemea.

Alipata cherehani ya mkono, akaishi kwa kushona sare za shule. Hakuanguka tena. Mimi nikafuzu, nikabaki kwa 'Mathakane kama mkono wake wa kulia.

Miaka kumi na sita ikapita, na 'Mathakane akapooza upande mmoja. Siku moja alinishika blanketi, akaniambia kwamba siku hizi akilala anajua amelala, na hakuna kitu. Akataka nimwitie Tlalane.

Alikuja mchana, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda.

"Kuna njia ya kutoka?" 'Mathakane akauliza.

"Sijaiona, Mama."

"Nikimwita mama yangu mzazi?"

"Usimwite. Ukimwita ndipo panazidi kuwa patupu."

"Nikifa je, Tlalane? Nitakaa humo?"

"Sijui. Lakini humo hakuna wa kukuamsha."

'Mathakane akamshika mkono. Tlalane akauacha ushikwe kidogo, kisha akautoa, akaaga.

Nilimfuata uani nikamwambia angeweza kumpa bibi kizee yule neno moja la faraja, lisingemgharimu.

"Nimetembea saa tatu kwa mguu huu," alisema. "Nilitaka nimwone uso."

"Umeuona?"

"Nimeuona." Nilidhani angefurahi. Aliomba maji, akanywa, akaondoka.

Kuanzia siku ile 'Mathakane alikataa kulala. Alitaka tumfinye, tumwagie maji, tumwimbie. Siku ya tano mchana tulichoka sisi, tukasinzia, naye akasinzia, hakuamka.

Mazikoni niliwaambia watu kwamba aliondoka akitabasamu, kwamba waliotangulia walimjia na kumpokea kwa nyimbo. Tlalane alikuwa amekaa na wanawake karibu na chungu. Alinitazama mara moja, akaendelea kula nyama yake.