Maswali ya Dada Skola kwenye Matuta ya Mpui

Harufu ya majani yanayooza ndani ya udongo uliolowa hainipi ile raha wanayoisimulia watu wanaposifu mvua. Kwangu ni harufu ya masika ya Mpui, mwaka uliofuata kifo cha mama yetu, ukungu ukiwa umelala juu ya uwanda wa Ufipa tangu alfajiri hadi karibu na adhuhuri, na baridi ikitugandisha viganja mpaka tukawa tunashika mpini wa jembe bila kuuhisi. Huo ndio msimu wa kutengeneza intumba, matuta ya mviringo ya Wafipa. Unakata nyasi ndefu pamoja na udongo wake, unageuza mabonge chini juu, unayapanga kwa duara, kisha unayafunika hadi tuta linakaribia kiuno cha mtoto. Nyasi huoza humo ndani taratibu, na mwaka unaofuata tuta huvunjwa, ulezi ukapandwa juu ya uozo huo. Ni kazi ya kuinama, na watu walioinama hawana maneno mengi. Mwaka ule ukimya ulizidi, kwa kuwa upande wa shamba uliokuwa wa mama ulibaki na nyasi zake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuutia jembe.

Dada Skolastika, tuliyemwita Skola, ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mjini Sumbawanga, akapita Jeshi la Kujenga Taifa, na alipokuja kumzika mama hakuondoka tena. Alishika jiko, maji, na mdogo wetu wa mwisho, Kizito, mtoto mwenye kifua kibovu, ambaye usiku alipumua kama mtu anayekokota kitu kizito sakafuni. Dada alimkanda kwa maji ya moto na kumlaza kifuani kwake akiwa amekaa, maana akimlaza chali pumzi ilimkatika. Kizito alianza kumwita mama. Hakuna aliyemsahihisha. Lakini huko kambini Dada alikuwa ameahidiwa nafasi ya kujaribiwa kwa mafunzo ya uhandisi wa jeshi, ya watu wanaojenga madaraja na kupima ardhi. Alitakiwa kuripoti baada ya Pasaka na kufanya mtihani wa hisabati. Atakayeshindwa angerudishwa kwao. Na tangu atoke shule, hesabu zake zilikuwa zimeota kutu.

Muda wa kukaa mezani hakuwa nao, kwa hiyo alitafuta njia ya kujikumbusha akiwa kazini. Alikuwa na kitabu cha sekondari kisicho na jalada, cha Kiingereza, nami nilikuwa bado shule ya msingi. Jioni, kabla mwanga haujaisha, alinitafsiria maswali machache na kuyaandika kwenye vipande vya karatasi, majibu yakiwa upande wa nyuma. Kesho yake shambani nilisimama kando yake nikayasoma kwa sauti. Sharti lake lilikuwa moja: swali linasomwa anapokata bonge la kwanza, na jibu litolewe kabla tuta halijafungwa. Tuta ndilo lililokuwa saa yake. Maswali mepesi yalipewa matuta madogo ya pembeni, na yale ya pembetatu na vipeo yalingoja matuta makubwa ya bondeni, penye nyasi nyingi. Midomo yake ilicheza huku jembe likienda. Wakati mwingine alisimama ghafla, akachora pembe kwenye tope kwa kidole cha mguu, akaifuta, akaendelea kulima.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kutusaidia siku fulani, naye mdomo wake haukujua kufunga.

“We Skola, hivi huko jeshini daraja linajengwa kwa kusema?”

“Linajengwa kwa kichwa, shangazi.”

“Basi cha kwako kifunge kilemba, mvua isije ikakizolea hesabu.” Tulicheka, hata baba aliguna. Kisha shangazi akamtazama Kizito, aliyekuwa amefungwa kwenye kanga chini ya kibanda cha nyasi akikohoa, akashusha sauti. “Na huyu umemhesabia wapi?”

Dada aligeuza bonge lililofuata. Tuta lile lilifungwa na swali langu likabaki hewani.

Mimi nilikuwa naelewa zaidi ya walivyodhani. Nilijua kwamba kila jibu sahihi lilikuwa linamsogeza kuelekea barabara ya mjini, na kwamba mimi mwenyewe, kwa sauti yangu ya kusoma, ndiye niliyekuwa nikimsindikiza. Hata hivyo niliyapenda maswali yale. Yaliniingia bila kufundishwa, kama nyimbo za kanisani zinavyomwingia mtoto asiyejua maana ya maneno, hadi ikafika mahali nikawa napata jibu kabla ya kugeuza karatasi. Ndiyo maana niligundua mapema mambo yalipobadilika. Kwaresima ilikuwa inakaribia mwisho na kifua cha Kizito kilikuwa kimezidi. Dada akaanza kukosea. Hakukosea yale magumu. Alikosea yale aliyoyajua vizuri, na aliyakosea kwa utulivu, bila kusimama, bila kuchora chochote kwenye tope.

Asubuhi moja nilimsomea swali la ngazi ya mita kumi na tatu iliyoegemezwa ukutani, mguu wake ukiwa mita tano kutoka ukuta. Je, imefika juu kiasi gani? Mwanzoni lilikuwa swali la bondeni, lakini alikuwa amelizoea hadi likahamia matuta ya pembeni. Aliligeuza bonge la mwisho, akalipigapiga kwa mgongo wa jembe, akasema, “Kumi na nane.”

“Dada, ngazi yenyewe ni kumi na tatu. Itafikaje kumi na nane?”

“Basi nimekosea.”

“Wiki iliyopita ulilipata. Hata mimi nalijua.”

“Kama unalijua, nenda wewe jeshini.” Alisema hivyo bila kunitazama, akakata bonge la tuta jingine. “Wakinirudisha watakuwa wamenirudisha wao. Sitakuwa nimekataa mimi.”

Sikujua kwamba baba alikuwa ametusikia. Alikuwa tuta la tatu kutoka letu, ameinama, mgongo wake umelowa ukungu. Baba yetu alikuwa mtu wa maneno machache, na mikono ya Dada ndiyo iliyobeba nusu ya shamba lile. Hata upande wa mama, hatimaye yeye ndiye aliyeutia jembe; bila yeye ungebaki pori. Alinyooka polepole, akasema kwa Kifipa, kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba maji ya kunywa, “Skola. Mjibu mtoto.”

“Baba, nani atamkanda Kizito?”

“Nimesema mjibu.”

Dada aliegemea mpini. Kutoka kibandani tulisikia kikohozi. “Kumi na mbili,” akasema, na machozi yakamtoka wazi, akiwa ameacha mikono kwenye mpini bila kuyafuta. Baba aliinama tena. Nami, kwa kuwa sikujua la kufanya, nilisoma swali lililofuata.

Aliondoka Jumatatu ya Pasaka kwa lori la mahindi. Mtihani aliupasi, tulisikia kwa mtu wa parokia. Kizito alimtafuta kila chumba kwa majuma kadhaa, kisha akaacha, na kuacha kwake kuliniuma kuliko kutafuta. Mimi ndiye niliyejifunza kumkanda. Alipona kadiri alivyokua, na Dada aliyafanya yote aliyopaswa kuyafanya kutoka mbali: ada yangu ya sekondari ilitoka kwake, na bila yeye leo nisingekuwa nafundisha chuoni. Likizo zake zilikuwa fupi, zikazidi kuwa chache. Baba alipofariki alikuwa kikosini, mbali mno kuwahi mazishi.

Sasa amestaafu, amejenga Mazwi, mjini Sumbawanga, na watu wa mtaa humsalimu kwa heshima. Alipata kila tulichotaka apate. Krismasi iliyopita tulikwenda pamoja Mpui, kwenye nyumba yetu ile ile, ambamo sasa anaishi Kizito na watoto wake. Kwetu mtu aliyerudi nyumbani husukuma mlango akaingia. Mimi nilikuwa nimebaki nyuma nikilipa bodaboda, na kutoka pale nilimwona Dada amesimama nje ya kizingiti, akasema, “Hodi hapa.”

“Nani?” Kizito aliuliza kutoka ndani.

“Mimi, Skola.”

Kizito alitoka akijifuta mikono, mwanamume mpana wa kifua, akamwamkia vizuri, akamkaribisha, akawatuma watoto walete kile kiti cha wageni. Dada alimshukuru. Aliketi, mkoba magotini, akangoja kuonyeshwa mahali pa kunawa.