Bibi Nyuma ya Maharusi

Mpiga picha za harusi hapa Chemchem aliniomba ruhusa ya kutumia mchoro niliouchora kwenye kishikwambi: marehemu bibi yangu amekaa mlangoni pake, Kwihara. Alitaka auchape kwenye turubai kubwa, maharusi wasimame mbele yake. Bibi yangu awe pambo! Mtu baki ningemkatalia palepale. Lakini yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi, na ukimnyima mtani atakutangaza mji mzima. Asubuhi nzima nilikaa, nikainuka, nikazunguka ua, chai ikapoa. Mwishowe nikamfuta bibi, nikatuma mlango mtupu. Simu ikaita papo hapo.

“Mtani, bibi tulimzika wote, nikiwachekesha wafiwa mpaka kaburini. Leo mbona unamzika tena, peke yako?”