Wiki ya Kwanza ya Diwani Mwende

Nakumbuka wiki ile, miaka mingi iliyopita, kura zilipokwisha kuhesabiwa, na mtaa wetu mzima wa Ziwani haikusikika sauti ila zetu sisi tulioshinda. Mwanangu, nakuita mwanangu ingawa tangu juzi kila mtu anakuita mheshimiwa. Nilikupangusa kamasi ukiwa hujui hata kutamka neno wadi, basi nivumilie. Kunywa chai. Nimesikia vijana wako wanataka vibanda vya waliokunyima kura viondolewe pale sokoni, nawe umekaa kimya. Kwa hiyo nimekuita nikueleze kiongozi wa mtaa huanzia wapi uchaguzi ukiisha.

Enzi hizo nilikuwa msichana wa mayowe. Mama Mwende alipogombea udiwani, alinipandisha kwenye pikapu ya kampeni nimwimbie, maana sauti yangu haikuhitaji kipaza sauti. Alikuwa mjane kutoka Ukambani, muuza mitumba soko la Gikomba, mnene wa mwili lakini ukimfuata kwa miguu utahema wewe. Aliyempinga kuliko wote alikuwa Mzee Barasa, fundi wa reli, mwenyekiti wa kampeni ya mpinzani wake hapa mtaani. "Mpeni mwiko, msimpe mtaa," ndivyo alivyosema kila mkutano, na watu wakaangua kicheko. Mimi nilimchukia mzee yule kwa moyo wangu wote.

Basi Mama Mwende akashinda. Na kabla hata hajaapishwa, Mzee Barasa akafariki ghafla. Presha, walisema.

Unajua desturi yetu watu wa Eastlands hapa Nairobi. Mtu akifa hapa, wengi wetu tunamrudisha kwao kijijini. Majirani hukaa na wafiwa jioni baada ya jioni wakipanga safari, kisha hupanda basi kumsindikiza hadi kaburini. Huko kijijini hawaulizi sana marehemu alikuwa nani mjini. Wanatazama basi. Likifika tupu, wanajua mtu wao aliishi huku bila watu, na aibu hiyo mjane wake huibeba maisha yake yote.

Nyumbani kwa Mzee Barasa hakukanyaga mtu. Wenzake wa kampeni walijifungia ndani kwa kuwaogopa vijana wetu, na sisi tulikuwa na shughuli zetu. Tulikuwa tumechukua ukumbi wa mtaa, ule tunaouita soshol, tukaupamba kwa sherehe ya jioni. Mbuzi walikuwa wamefungwa nje, na mabasi mawili yalikuwa yamekodiwa kwa msafara wa ushindi kesho yake, kuanzia Eastleigh hadi Mowlem. Siku hiyo hiyo ndiyo mwili wa Mzee Barasa ulikuwa uondoke kwenda Bungoma.

Mchana kabla ya sherehe mjane wake, Mama Nafula, akaja mlangoni pa soshol, leso kichwani, akaomba wafiwa wakae pale jioni moja tu. Kijana mmoja wetu aliyeitwa Musa akamjibu akiwa juu ya meza anafunga mapambo.

"Mathe, hii hall ni ya watu wetu. Si uende kwa wale mlipigia kura?"

Tulicheka, mwanangu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini nani kati yetu aliyekumbuka methali siku ile?

Mama Mwende alikuwa nyuma ya yule mjane, na alisikia kila neno. Hakupiga kelele. Alivuta kiti, akamkalisha Mama Nafula, kisha yeye diwani mzima akaketi sakafuni kando yake, kama tunavyoketi kwa wafiwa.

"Pole sana dadangu. Nimechelewa kuja," akasema. Halafu akatugeukia. "Hawa watu wetu ni akina nani? Maana mimi nimechaguliwa diwani wa Ziwani. Kama kuna Ziwani nyingine, nionyesheni inapoanzia."

Musa alishuka mezani. "Lakini Mama, huyo mzee alikutusi mbele ya watu."

"Alinitusi, na nikamshinda. Sasa mnataka nimshinde tena akiwa kwenye jeneza?"

Akaagiza mbuzi wachinjwe, wafiwa wale. Akasema mabasi yote mawili yataenda Bungoma. Mmoja akauliza tutavaa nini, maana wengi wetu tulikuwa na zile tisheti za chama tu, zenye picha yake kifuani. "Zigeuzeni ndani nje," akasema. "Huko sura yangu haihitajiki."

Kisha akaninyooshea kidole. "Nawe mwenye sauti, pita mlango kwa mlango uite watu. Anzia kwa walionizomea."

Mlango wa kwanza, baba mmoja alichungulia dirishani akaniuliza, "Mmekuja kutupiga?" Nikamwambia nimekuja kumwita matanga. Akafungua. Bado nakumbuka uso wake, na nikiukumbuka naelewa kwamba tulishinda kura huku tukiwatia hofu majirani tuliochota nao maji bomba moja.

Tulisafiri pande zote mbili tumechanganyika katika kila basi, kimya kama watu walionuniana, hadi tulipopita Nakuru mama mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, sote tukaitikia. Kulipokucha tulikuwa tunaingia bomani kwa marehemu. Kaka yake mkubwa alisimama akatazama mabasi yakishusha watu, akatazama tisheti zetu zilizogeuzwa, mishono ikiwa nje. Alikuwa amesikia habari za siasa za Nairobi, na alikuwa na wasiwasi.

"Hawa ni watu wa chama gani?" akamuuliza Mama Nafula.

Mama Nafula alitutazama, Musa akiwemo.

"Ni majirani zetu," akasema.

Kaka yule akavua kofia, akalia mbele ya watu wote. Nami nililia. Nilimpenda Mama Mwende asubuhi ile kuliko siku aliyotangazwa mshindi, na sijaona kiongozi mwingine wa kumlinganisha naye.

Baadaye mitaro ilizibuliwa na taa zikawekwa, na sikusikia mtu akilalamika kwamba zimeanzia upande fulani. Watu walikuwa wamerudi kusalimiana.

Sasa wewe una mipango ya lami, taa, basari za wanafunzi, na nasikia hata lango kubwa lenye jina lako. Haya, ujenge, ingawa jina likiwa kubwa sana watu hulitafutia rangi ya kulifutia. Lakini cheo ni dhamana, mwanangu, na wanaokuogopa ndio wa kwanza kuhudumiwa, kwa sababu waliokuchagua tayari wanalala usingizi. Kesho nenda sokoni bila msafara. Simama kwenye kibanda cha yule aliyekuzomea kuliko wote, ununue nyanya zake, umuulize watoto wanaendeleaje. Usimwahidi chochote. Vijana wako watakuona, na hakuna atakayegusa ubao wa kibanda cha mtu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio makubwa kuliko mdomo, akulinde na wanaokusifu mchana kutwa. Na siku utakapokiacha kiti, uweze kutembea Ziwani kwa miguu, na kwenye kila mlango uambiwe karibu ndani.