Utepe Kwenye Shamba la Mtama

Katika ofisi ya serikali mjini Dodoma ambako Evodia Kamugisha alikuwa mpiga chapa, kila kikao kilirekodiwa. Kanda zilipofika mezani kwake alivaa hedifoni, akaandika nani kasema nini. Miaka kumi na minne ya kazi hiyo ilikuwa imemnoa masikio. Mtu akikohoa tu kwenye kanda, Evodia alishamjua. Wakubwa walipobishana juu ya maneno yaliyosemwa mwaka juzi, walimwita yeye kabla ya kufungua faili.

Nyumbani Chang'ombe, alikopanga vyumba viwili, masikio hayo yalikuwa na kazi nyingine. Evodia alikusanya mabaki ya santuri moja.

Santuri yenyewe ilikuwa ya Mawe Saba, vijana wanne wa Dodoma waliokwenda Nairobi mwaka 1976 na magitaa ya kuazima, wakarudi na roki nzito ambayo nyanda za kati hazikuwahi kuisikia: magitaa yananguruma, dramu zinapigwa kama mtu anabomoa ukuta. Marehemu kaka yake, aliyekuwa mwalimu, alimpelekea nakala moja Bukoba, yeye akiwa bado sekondari. Aliicheza mpaka mikwaruzo yake akaijua kama anavyojua nyimbo.

Basi alichokitafuta sasa ni yale yaliyobaki nje ya santuri: kanda za mazoezi, nyimbo zilizopigwa zikaachwa, maongezi ya wanamuziki kati ya wimbo na wimbo. Ya kwanza aliiokota soko la Majengo mwaka 1993. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa nchini, na Mustapha, muuza kanda, alijaza meza nakala za muziki wa Kongo na Marekani. Chini ya rundo ilikuwapo kanda isiyo na jina. Evodia aliisikiliza palepale mezani, na baada ya sekunde chache akaitambua. Ilikuwa Mawe Saba wakijifunza wimbo ambao maneno yake hayajakamilika, mwimbaji anajazia kwa la-la-la. Alijiona kama mtu aliyeingia jikoni akakuta chakula anachokipenda bado kiko kwenye sufuria.

Tangu siku hiyo hakutulia. Likizo zake zikaishia kwa wapiga dramu wastaafu na wajane wa wapiga besi. Wenzake ofisini walimcheka, wakasema wengine wanakusanya vitenge, yeye anakusanya makosa ya watu. Alicheka nao, akaendelea.

Lakini kulikuwa na jambo lililomuuma. Wimbo wa mwisho wa santuri, uitwao "Kiangazi," una kipande cha gitaa kinachosimamisha nywele. Mpigaji alikuwa Sila Mhembano, mtoto wa Chamwino. Baada ya santuri kutoka, mpaka wa Kenya ulifungwa, na hapakuwa na wa kwenda Nairobi kuuliza lolote. Ndipo maneno yakaanza kwamba gitaa lile alilipiga mwanamuziki wa kukodi wa Nairobi, kwamba Mgogo wa Chamwino hawezi kupiga vile. Mwaka 1981, dansini, mtangazaji wa jukwaani aitwaye Cornel alimkaribisha Sila kwa kumwita mwizi wa vidole vya watu. Ukumbi mzima ulicheka. Sila aliliweka gitaa chini, akatoka, akaenda kulima zabibu. Miaka kumi na tano haikuonekana tena kamba ya gitaa mkononi mwake.

Evodia alimtembelea mara moja shambani. Alimwamkia, akajieleza. Sila alimpa maji ya kunywa, akamwonyesha mizabibu, akazungumzia dawa ya ukungu. Gitaa hakulitaja. Wakati wa kuagana ndipo Evodia alipomuuliza kama kweli ni yeye aliyepiga.

"Nikisema ni mimi, utaniamini kwa sababu unanipenda," Sila alisema. "Hiyo hainisaidii kitu, dada."

Evodia alirudi mjini na neno hilo, akajua la kufanya. Kama watu wa studio walirudia wimbo ule mara nyingi, basi mahali fulani ipo kanda ambamo Sila anasikika akikosea. Mwanamuziki wa kukodi angesemeshwa kwa jina lake. Sila naye angesemeshwa kwa la kwake.

Aliyekwenda na bendi Nairobi kama fundi mitambo alikuwa mtu aitwaye Zaidi. Evodia alimpata Mtera, kando ya bwawa, mzee wa miaka sitini anayetengeneza redio za wavuvi. Alimwamkia shikamoo, akamweleza shida yake. Zaidi aliingia ndani, akatoka na kopo la bati lililojaa pamba na magurudumu mawili ya utepe mkubwa wa studio. Alisema yalikuwa matatu. Wenye studio walitaka kuyatupa, yeye akayatia kwenye gunia la nguo. La tatu, lenye "Kiangazi," alimwachia Joel, binamu yake Sila, ampelekee mwenyewe. Sila, aliyekwisha kuuacha muziki, alikataa kulipokea. Joel alihamia Chemba, upande wa Kondoa, na gurudumu akaenda nalo.

Hiyo ilikuwa Mei ya mwaka 1996, mtama umeshakaza punje. Evodia alidandia lori la watu wanaokwenda mnadani kununua ng'ombe, akafika kwa Joel asubuhi ya tatu ya safari. Hakuhitaji kuuliza. Kabla hajafika mlangoni alikwisha kuuona utepe. Ulikuwa umefungwa kwenye fito, mstari kwa mstari, juu ya shamba lote, wa kahawia, unametameta juani, na upepo ukipita unavuma kama nyuki.

Joel alimpokea vizuri, na mkewe Ruthu akaweka uji. Alipoambiwa mgeni amefuata nini, Joel alisikitika kweli. Ndege aina ya kweleakwelea walikuwa wameshuka wiki mbili zilizopita, wakala nusu ya shamba la jirani kwa siku moja. Yeye hakuwa na bati la kupiga wala mtu wa kukaa na manati. Akakumbuka lile gurudumu juu ya dari.

"Ndege hawatui hapa tena," alisema. "Nikikutolea, mama, watoto wangu watakula nini?"

Evodia aliinuka. Aliuzunguka mtama, akashika utepe kwa vidole viwili, akautazama upande unaong'aa na upande usiong'aa. Vumbi lilikuwepo, lakini haukuwa umechubuka. Ndipo alipokumbuka begi lake. Njiani alikuwa na kanda kumi na moja za kusikiliza, nakala za Mustapha. Alizimwaga zote mkekani, akazivunja moja moja kwa kisu cha Ruthu, akavuta utepe wake mwembamba.

Wakafanya kazi watu watatu. Joel na Ruthu walifunga utepe mwembamba kwenye fito, na kila mstari mpya ulipokamilika Evodia alifungua ule wa zamani, akauzungushia kwenye gunzi la muhindi. Hakuna mstari ulioachwa wazi hata mara moja. Ndege walizunguka juu wakapiga kelele, wasitue. Jua lilipoelemea magharibi alikuwa na magunzi tisa, kila moja limefungwa kitambaa, na vidole vyake vimechanika. Joel alipita shambani akisikiliza, akasema utepe mpya unavuma zaidi. Ruthu akamfungia mgeni kuku wa kwenda naye.

Zaidi alifunga kibanda chake Mtera akaja Dodoma bila kuombwa mara mbili. Wamisionari fulani walikuwa na chumba cha kurekodia mahubiri, na ndani yake mashine ya zamani ya utepe mpana. Waliwaruhusu kuitumia mchana, Jumamosi. Zaidi alifuta kila kipande kwa pamba, akakata ncha zilizokunjamana kwa wembe. Lakini vipande vilikuwa themanini na kitu, vimechanganyika, na hakuna aliyejua kipi kinatangulia. Hapo ilikuwa zamu ya Evodia. Alivaa hedifoni, akavisikiliza kimoja kimoja, akaandika kwenye karatasi: dramu imeanguka hapa, mtu amekohoa hapa, ni Mbwana mpiga besi, kikohozi hichohicho kiko mwanzo wa kipande cha kumi na saba. Jumamosi nne zilikwenda. Ya tano Zaidi aliunganisha kipande cha mwisho, akabonyeza kitufe.

Bendi nzima ilipokwisha kupiga, alisikika mtu wa Nairobi, mwenye studio. "Wengine pumzikeni. Abaki Sila na gitaa lake." Kisha kiti kikasogezwa, na sauti ya kijana ikahesabu kwa Kigogo. Gitaa likaanza "Kiangazi," likafika kati, kamba ikakatika. Kijana akaguna, akaomba radhi, akaambiwa arudie. Akarudia. Akakosea mahali pengine, akajicheka. Mara ya sita alipiga dakika kumi na moja bila kusimama. Dakika nne zilizotiwa kwenye santuri zilikuwa kipande tu cha zile.

Zaidi aligeukia ukutani akafuta macho. Evodia hakulia. Aliomba karatasi nyingine, akaandika kila neno lililosemwa, kama afanyavyo ofisini, akaweka tarehe.

Waliazima ukumbi Oktoba, alasiri ya Jumamosi. Mustapha alilitangaza jambo hilo sokoni mpaka sauti ikamkauka. Walikuja makarani, wanafunzi, wakulima wa Chamwino na viatu vya vumbi, Joel na Ruthu kutoka Chemba. Cornel naye alikuja, sasa mwenye mvi na fimbo. Sila alikaa nyuma karibu na mlango. Evodia alikuwa amemfuata Chamwino mwenyewe, na safari hii hakumwomba amwamini mtu. Alimwambia tu aje asikilize.

Kanda ilipigwa. Sauti ya kijana ilipohesabu, wazee wa Chamwino walinong'onezana, kisha wakaanza kuhesabu pamoja naye. Kamba ilipokatika watu waliguna. Dakika ile ya kumi na moja ilipoisha Cornel aliinuka, akatembea na fimbo yake mpaka nyuma.

"Nilikuita mwizi mbele ya watu," alisema. "Nakuomba radhi mbele ya watu."

Sila alisimama. Alimshika mkono, akakaa nao muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida iliyosikika ukumbi mzima, kwamba katika ule mkupuo wa pili alikosea kwa sababu viatu vya kuazima vilikuwa vinambana.

Kicheko kilichofuata kilitikisa madirisha. Watu walipiga makofi, wakapiga meza, wanawake wa Chamwino wakapiga vigelegele, na gitaa likapitishwa juu ya vichwa vya watu. Sila alilipokea. Vidole vyake vya kupogolea mizabibu vilikuwa vigumu, na noti za mwanzo zilitoka zikikwaruza, lakini alipoingia kwenye kile kipande alifumba macho, na hapakuwa na mtu ukumbini aliyebaki ameketi. Evodia alisimama karibu na mashine, hedifoni shingoni, anaimba kwa nguvu maneno ambayo alikuwa akiyajua tangu Bukoba. Watu walidai wimbo urudiwe, ukarudiwa. Wakadai tena. Mwenye ukumbi alikuja na funguo, akasimama mlangoni, akaziweka mfukoni.