Likelemba ya Siku za Kongé

Katika hospitali yetu ya Kabambare, mimi ndiye delege, yaani mjumbe, wa sendika, chama cha wauguzi. Walinichagua kwa sababu ya mdomo wangu, wala sikatai. Shida ni kwamba safari za sendika zinakula siku zangu za kongé, likizo yangu, na mwaka ule ziliisha mapema, mkutano mkubwa wa Kasongo haujafika bado. Direkta wa hospitali akainua mabega: bila siku, hakuna safari.

Basi wenzangu wakafanya wanachokijua. Wanawake wa kwetu wana likelemba za sabuni, za vitenge, za sahani: wote wanatoa, mmoja anapokea, kesho ni zamu ya mwingine. Sasa tukaanzisha likelemba ya siku. Kila muuguzi akanipa siku moja ya kongé yake, direkta akacheka, akakubali. Na sheria ya likelemba kila mtu anaijua: ulichotoa umetoa. Husemi kinakuuma wapi, wala hukidai tena.

Jumatano nikapanda pikipiki, kifua mbele. Pale Wamaza, njiani, motari aliyeniendesha alisimama tupate kula. Uani wanawake walikuwa wanatwanga na kutaniana, masufuria ya kuazima yamejaa kila upande. Nikauliza nani anaolewa. Wakaniambia ni binti wa muuguzi mmoja wa Kabambare, mama wa maternite, wodi ya wazazi, na harusi ni Jumamosi.

"Mama yetu ule?" nikauliza. "Basi atafika lini?"

"Hatakuya. Anasema kongé yake ilikwisha."

Nikarudisha tonge kwenye sahani. Mama huyo ndiye aliyenifundisha kupokea watoto, na siku aliyoiweka kwa harusi ya binti yake nilikuwa nayo mimi. Nikaona haya. Halafu nikakasirika: naye kwa kunyamaza, na mimi mwenyewe kwa kutouliza, mwisho na direkta, maana hasira yangu haijui kumpita.

Mkutano ulipangwa Alhamisi na Ijumaa, na Jumamosi ilikuwa siku yangu ya kurudi. Kule Kasongo kila anayesimama huanza kwa kusalimia wakubwa mmoja mmoja, na wakubwa hawakosekani. Wa tatu alipoanza, nikashindwa kuvumilia.

"Wakubwa wote musalimiwe mara moja!" nikasema. "Kuko mama moja anangojea siku yake."

Nikawaeleza yote. Ukumbi ukacheka, kisha ukachemka, maana hilo ndilo tulilokuja kudai: delege apewe siku zake za kazi ya sendika, asile za wenzake. Salamu zikafupishwa. Jioni ileile tulikuwa tumemaliza.

Ijumaa alfajiri tukaondoka. Mvua ikatupiga, tukaisukuma pikipiki kwenye matope, mimi naimba na motari ananung'unika. Alasiri nikaingia maternite, matope hadi magotini.

"Mama, siku moja imebakia. Kamata, uende."

Akakunja uso. "Hapana, mutoto yangu. Nilishaitoa. Ya likelemba hairudi."

"Sawa. Basi iko yangu?"

"Iko yako."

"Na kitu yangu naweza kumupa mutu ninapenda?"

Akanitazama. Midomo ikaanza kumtetemeka, nikadhani analia, kumbe kicheko kinamshinda. Akavua bluzi yake nyeupe, lile koti la kazi, akanirushia, akatoka mbio. Sikujua kama mama huyo anaweza kukimbia. Motari alikuwa bado anajifuta uso; mama akapanda nyuma yake.

Jumamosi nikafanya zamu yake nikiwa ndani ya bluzi ile, inayonitosha mara mbili. Mchana simu ikalia. Mtandao wa Wamaza huja unapotaka, na siku ile ulitaka. Hakuna aliyesema neno; vigelegele vitupu. Nikainua simu katikati ya chumba, na wazazi wakaitikia vitandani mwao, hata yule aliyekuwa kwenye uchungu akajaribu. Direkta akaja mbio kuuliza kuna nini. Nikamwambia, huku nalia bila haya, kwamba leo tumemwoza binti yetu.