Wimbo wa Koti la Mtumba

Mama yangu alitunga wimbo mmoja tu uliovuka mipaka ya kijiji chetu cha Kihagara, nao ulitosha kumvimbisha kichwa. Ulikuwa wa kioda, ngoma yetu sisi wanawake wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Ulimhusu mume aliyenunua koti la mtumba, mkewe akakuta mfukoni leso ya kike, akakataa katakata kuamini kwamba leso ilikuja na koti. Mitumba ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kumiminika. Wake walicheka, na waume wakawa wanapekua mifuko yao kabla ya kuingia nyumbani.

Wenzetu wa Tingi, kijiji cha vilimani, waliupenda. Desturi ya kioda ni kutembeleana. Kikundi kinakwenda kucheza kijiji cha pili, kinalishwa, na wenyeji wakiushika wimbo wa wageni wanauimba. Hakuna aliyeona ubaya. Lakini Tingi waliufikisha Mbinga mjini kwenye sherehe, na watu wakarudi wakiuita "ule wimbo wa Tingi". Mama alinuna siku mbili.

Kisha redio ikatangaza kwamba Bunge limepitisha sheria ya hakimiliki, ya kuwalinda watunzi. Mama akaongeza sauti mpaka redio ikakoroma.

"Mmesikia? Hata Serikali imeniona!"

Kikundi chetu kilikuwa na vyeo, kama ilivyo kwenye kioda: malkia, daktari, nesi. Mama alikuwa malkia. Mimi, mdogo kuliko wote, nilikuwa nesi, kazi yangu kuwafuta wachezaji jasho. Wiki ile tukapata na Spika, jirani yetu mwenye sauti kubwa. Hoja ilikuwa moja: asiimbe mtu wimbo wa koti bila ruhusa ya mtunzi. Wa ndiyo na wa siyo walipiga kelele sawasawa, ikabidi tugawanyike, ndiyo upande wa ziwa, siyo upande wa njia. Wakawa wanane kwa wanane. Nilibaki mimi katikati na kitambaa changu cha jasho. Moyoni niliona hoja ni ya uchoyo mtupu. Nikamtazama mama, nikakumbuka nani anapakua ugali nyumbani, nikaenda upande wa ziwa. Naona haya mpaka leo.

Barua ikapelekwa Tingi. Wakatii, na hapo ndipo tulipokoma. Hata kwetu Kihagara wale wa siyo walitii kupita kiasi. Watoto wakianza kuimba wimbo wa koti, utasikia, "Nyamazeni, mwenyewe anapita!" Mama alitaka uwe wimbo wake, ukawa wake peke yake. Nilimwona ufukweni, pale wanawake wanapoanika usipa, dagaa wa ziwani kwetu, akipunguza mwendo ili asikie japo mtu mmoja akiuimba puani. Wapi! Nilimwonea huruma, ingawa kicheko pia kilinibana.

Baada ya mavuno Tingi wakaja kututembelea. Walikula, wakacheza, wakatoa wimbo mpya: kuna mwanamke kafungia wimbo wake sandukuni, panya wamekula kiitikio, sasa anazunguka kijijini akitafuta wa kumwitikia. Uwanja mzima ukageuka kumtazama mama. Alikaza uso kama malkia kweli, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa unafuata ngoma.

Wiki haikuisha. Nilirudi kutoka kuchota maji nikamkuta anatwanga muhogo huku anaimba wimbo wa panya, na ameshauongezea ubeti. Aliponiona akanyamaza, akatwanga kwa nguvu kidogo, kisha akauegemeza mchi.

"Nesi," akasema. Aliniita kwa cheo akiwa na shida. "Kesho nenda Tingi ukaniombee ruhusa. Na usiwaambie kwamba nimeshaanza."

Nikapanda vilima. Malkia wa Tingi nilimkuta uani, anapukuchua mahindi na wenzake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kihagara hawajambo?"

Nikatoa ujumbe nikiwa nimeinamisha uso. Walicheka mpaka ungo ukapinduka na mahindi yakatapakaa uani, nami nikapiga magoti kuwasaidia kuokota. Malkia ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akanitazama kwa upole ambao sikuutarajia.

"Mwambie mama yako aimbe tu," akasema. "Sisi huku hatujapiga kura."