Milango ya Kabati la Jiko

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alihamia kwetu Kabondo kutoka Kindu baada ya kufiwa na bwana yake. Kabla hata hajafungua masanduku yake yote, alinunua kufuli akafunga kabati la jiko. Sukari, chumvi, mawese, samaki wa chumvi wa makayabu, vyote vilikaa humo, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kikwembe alichojifunga kiunoni. Nikitaka chumvi ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilibidi nimwite kutoka kwa jirani. Alikuja polepole, akanipimia kwa vidole, akafunga tena mbele ya macho yangu.

Nilimwambia mume wangu. Alikuwa karani, mtu wa kuogopa kelele.

"Bon, basi, ni dada yangu," akasema, akavaa kofia, akatoka.

Lile kabati lilikuwa la rangi ya kijani, imebanduka kandokando, imeshika moshi na mafuta. Bawaba zake zilikuwa kwa nje. Asubuhi moja wifi alipokwenda sokoni, nilichukua bisibisi nikafungua skrubu zote, nikatoa milango, nikailaza uani. Kufuli na pete zake nikaziacha juu ya meza.

Nilikoroga soda ya kupikia sabuni katika maji, nikaipaka kwa kitambaa nilichofunga kwenye fimbo, maana ile inachoma ngozi. Rangi ikavimba, ikalegea kama uji. Nikaikwangua kwa kipande cha chupa. Chini ya kijani kulikuwa na nyeupe, na chini ya nyeupe, mbao nyekundu ya mti wa lifaki. Nilikuwa ninaiosha kwa maji ya ndimu ili kuua ile soda, wifi akaingia.

"Weye iko wazimu? Milango iko wapi?"

"Hii hapa, yaya," nikamwita kwa heshima ya dada mkubwa. "Ilikuwa michafu."

"Rudisha sasa hivi!"

"Mbao iko na maji. Ikauke kwanza."

"Nilijua ndugu yangu alioa mwizi," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Ningeweza kumaliza haraka. Sikutaka. Nilipiga msasa kufuata nyuzi za mbao, nikapumzika, nikapiga tena. Mvua ikinyesha, nilifurahi. Jikoni nilichota chumvi kwa kiganja, na yeye alikaa kwenye kigoda mbele ya kabati lililo wazi, akinitazama. Mume wangu alikula sombe ile iliyozidi chumvi akinywa maji kila tonge.

Hatimaye nilipaka vanishi. Milango iling'aa, nikaiacha kivulini, nikaenda kuchota maji. Niliporudi, vanishi ilikuwa bado mbichi, na imefunikwa majivu ya jikoni kutoka juu mpaka chini.

Jioni mume wangu aliiona. Kwa mara ya kwanza hakutafuta kofia yake.

"Dada, nani alimwaga majivu hii?"

"Ni mimi. Na nitamwaga tena."

Nilikwangua upya, nikapaka upya, safari hii nikilinda kwa fimbo mkononi. Milango ilirudi mahali pake bila kufuli. Wifi hakurudi Kindu. Alijenga mafiga yake nyuma ya nyumba, akanunua chumvi yake, akapika chakula chake, na hatukusalimiana tena mpaka alipokufa. Miaka yote hiyo mume wangu alikula mara mbili kila jioni, kwa dada yake halafu kwangu, na hakuthubutu kuacha kitu kwenye sahani yoyote.